Reli ya Mzee Salmini

Katika miaka kumi na sita ya upelelezi, Inspekta Dominika Chilumba alikuwa ameshakutana na washukiwa wa kila namna. Wapo wanaokana huku panga liko mkononi, wapo wanaozimia, wapo wanaoapa kwa vitabu vya dini isiyo yao. Lakini mshukiwa anayeng'ang'ania kukiri kosa huku akishindwa kulieleza, huyo alikuwa wa kwanza, na alikuwa anamtia wazimu.

"Mzee wangu, tuanze tena," alisema, akifungua ukurasa wa tatu wa maelezo ambayo hayakuwa na maana hata mstari mmoja. "Magunia kumi na mawili ya korosho yametoka ghala la chama pale Chilangala usiku wa Jumapili. Jana Jumanne kinamama waliokwenda kuokota mabibo chini ya mikorosho wakayakuta kwenye banda lako la shambani. Umeyafikishaje pale?"

"Nimeyabeba," alijibu Mzee Salmini.

"Kwa baiskeli?"

"Kwa kichwa."

"Yote kumi na mawili? Kila moja kilo themanini?"

"Nilikuwa na nguvu."

"Una miaka sabini na nne!"

"Basi nilipumzika njiani."

Koplo Fortunatus, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Dominika alimkata jicho.

"Na mlinzi, Ashiru, ambaye mpaka sasa hajazinduka. Ulimpiga na nini?"

"Rungu."

"Daktari anasema ni tofali."

"Basi tofali."

Mzee alikuwa ameelekeza uso wake ukutani, kidogo kushoto kwa mahali alipokaa Dominika. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, na ni dhahiri alikuwa akimfuata mpelelezi kwa sauti tu. Mtu wa namna hii ndiye aliyesemwa kwamba alimvizia mlinzi gizani, akampasua kichwa, akakimbia na karibu tani nzima ya korosho. Dominika alitamani kucheka, lakini hakuna aliyekuwa anacheka kule juu kwa wakubwa.

Simu yake iliita. Alikuwa mkuu wa upelelezi wa wilaya.

"Inspekta, hilo jalada bado liko wazi?"

"Afande, mzee huyu haoni hata mkono wake mwenyewe."

"Kakiri. Alama yake iko kwenye magunia yote. Shahidi kamwona akiichora. Unataka malaika ashuke Newala aje kutia saini? Kesho saa mbili asubuhi anafikishwa mahakamani."

Simu ikakatwa. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na kifungo chake ni miaka thelathini. Hesabu ya miaka thelathini juu ya sabini na nne haihitaji kwenda shule. Mzee huyu angetoka gerezani amebebwa.

"Fortunatus," Dominika alisema, akiinuka, "washa gari. Twende Chilangala tukaulizie hiyo alama inayojua kusema kuliko mwenyewe."

*

Ghala la Chilangala lilikuwa limejaa wakulima, msimu ukiwa umepamba moto. Magunia yalipangwa hadi karibu na bati, na kila gunia lilikuwa na alama ya mwenyewe: duara, msalaba, jicho, herufi, samaki mmoja aliyechorwa vibaya. Ndivyo watu wa hapa walivyozoea tangu mababu. Jina linaweza kuandikwa na karani yeyote, lakini alama huchora mwenyewe, kwa mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho yakikaangwa. Mafuta hayo hayafutiki kwa sabuni wala kwa mvua.

Lukmani, mtunza ghala, aliwapokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, kalamu mbili mfukoni, kidole gumba cha mkono wa kulia kimefungwa kitambaa.

"Nimejikata na wembe, afande," alieleza kabla hajaulizwa. "Karibuni, karibuni. Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kufuli la ghala halikuvunjwa. Funguo anazo nani?"

"Mimi na mwenyekiti. Mwenyekiti yuko Mtwara tangu Ijumaa. Wangu haukutoka kiunoni. Lakini afande, kufuli zetu hizi, hata msumari unafungua."

"Ulisema ulimwona Mzee Salmini."

"Kwa macho yangu haya. Jumatatu asubuhi nilikatiza shambani kwake. Amepiga magoti mbele ya banda, magunia mapya yamepangwa, anachora. Akavuta mistari miwili mirefu, hivi na hivi." Aliichora hewani kwa mkono wa kushoto, kutoka juu kwenda chini. "Kisha akaikata kwa miwili mifupi. Reli. Nikajua ni korosho zake, nikapita. Ningejuaje?"

"Kwa nini mnaiita reli?"

Hilo ndilo lilikuwa kosa la Dominika. Aliuliza swali hilo kwa sauti, mbele ya wakulima thelathini waliokuwa wakisubiri mizani na hawana kazi nyingine.

"Ni ile ya kwenye simu, afande," alisema kijana mmoja. "Ukitaka salio unabonyeza nyota, namba, unamaliza na reli."

"Muongo!" alidakia mama mmoja mnene, ambaye wenzake walimwita Mama Hamida. "Reli ya Salmini ilikuwepo kabla ya simu. Watu wa simu ndio waliomwibia. Walipita hapa kujenga mnara, wakaona magunia yake, wakaondoka nayo. Hata ahsante hawakusema!"

"Mnara umejengwa juzi, mama. Alama iko dunia nzima."

"Basi wameisambaza."

Mzee mmoja mwenye miwani, Mwalimu Dastani, mstaafu, alinyanyua kidole kana kwamba bado yuko darasani. "Mniwie radhi. Kwa jinsi nilivyosoma mimi, alama hiyo haina uhusiano wowote na reli. Ilikuwa alama ya ratili, kile kipimo cha uzito cha zamani. Makarani wa Ulaya waliandika herufi mbili za ratili, wakazipiga mstari juu. Kwa haraka ya kuandika, karne kwa karne, zikageuka hivyo. Jina la reli tumelitia sisi, kwa kuwa jicho hutafuta kitu linachokijua. Wenzetu wengine wanaiita..."

"Mwalimu," alisema Dominika, "nina mtu mahabusu."

"Naam, lakini ukitaka asili ya jina..."

"Sitaki asili ya jina! Nataka kujua kwa nini mwizi achague alama hiyo na si ile ya samaki."

Mama Hamida akajibu kama anayemweleza mgeni kwamba jua huchomoza asubuhi. "Kwa sababu gunia lenye reli halichomwi bambo."

Dominika aliangalia mkono wa mkaguzi wa ubora, aliyekuwa ameshika bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia ili kutoa korosho chache na kuzikagua. Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali.

"Miaka yote, afande. Korosho za Mzee Salmini ni kavu, hazina mawe, hazina mbovu. Ukiona reli, unapitisha. Hapa, Nanganga, popote."

Hapo angalau palikuwa na kitu cha kushika. Aliyeiba hakutaka kumwangamiza Salmini, alitaka kusafiri kwa jina lake. Korosho zilimwagwa kwenye magunia mapya, zikapigwa reli, zikafichwa kwenye banda ambalo mwenyewe haendi tena kwa sababu ya macho, zikisubiri gari la kwenda kuuzwa chama kingine bila kuulizwa swali. Kinamama wa mabibo wakaharibu mpango.

"Afande," Fortunatus alimnong'oneza walipotoka nje, "kuna jamaa hapa anachora mabango. Trevor. Nyuma ya kijiwe cha bodaboda. Nimeona ndoo ya rangi nyeusi."

Dominika alifufuka moyo, na moyo huo uliishi dakika kumi tu. Trevor alikuwa na rangi nyeusi kweli, lakini ilikuwa rangi ya mafuta ya dukani, inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi, na alikuwa Masasi tangu Jumamosi hadi jana akichora ukuta wa duka la vipodozi. Mwenye duka, Dorika, alipokea simu na kuthibitisha, tena kwa kelele, kwamba kijana alilala palepale dukani na kwamba herufi moja ameikosea na ataifuta kwa gharama zake.

"Mwambie arudi leo hii!" simu ilipiga kelele. Dominika alimfikishia Trevor ujumbe huo na kuondoka, akiwa amepoteza saa tatu na kupata somo la historia ya ratili.

*

Nyumbani kwa Mzee Salmini walimkuta bintiye, Esha, akipanga magunia uani. Korosho hazisubiri mtu atoke polisi. Mumewe, Twahiru, alikuwa nyuma ya nyumba akikaanga maganda juu ya moto, moshi mkali ukimtoa machozi. Kwa desturi ya Kimakonde alikuwa amehamia kwa wakwe zake alipooa, na miaka tisa sasa alikula, alilima na kulala kwenye uwanja wa mzee.

"Usiku wa Jumapili ulikuwa wapi?" Dominika alimwuliza moja kwa moja. Uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Chiungutwa, afande. Mjomba wangu alifariki. Nimerudi jana jioni, baada ya siku ya tatu. Nimewakuta mmeshamchukua mzee."

"Nani alikuona huko?"

"Msiba mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nachota maji."

"Mzee alijua umekwenda msibani?"

Twahiru na mkewe waliangaliana. "Alikuwa amelala," alisema Esha. "Niliwaagiza watoto wamwambie, nikajua ameshaambiwa. Watoto ndio hao." Alinyoosha kidole kwa wawili waliokuwa wakifukuza kuku, na ilikuwa wazi ujumbe uliishia kwa kuku.

Kwa hiyo mzee aliamka Jumatatu, mkwe hayupo, hakuaga. Jumanne polisi wanakuja na magunia yenye alama ya nyumba yake. Mtu asiyeona hupiga hesabu kwa alichonacho, na hesabu ya Mzee Salmini ilimpa jibu moja tu: Twahiru. Hasira ya Dominika ikapoa kidogo, ikawa kitu kizito zaidi. Mzee hakuwa anaficha wizi wake, alikuwa anamnunulia binti yake mume.

Lakini mahakama haipokei huruma kama kielelezo, na msiba wa Chiungutwa ungemtoa Twahiru bila kumtoa mzee. Ungamo lingebaki palepale.

"Endelea na kazi yako, mwanangu," alimwambia Esha.

Esha alijipaka majivu viganjani hadi kwenye ncha za vidole. Mafuta ya maganda huunguza ngozi mpaka ikatoka malengelenge, na kila mwenye mikorosho hulijua hilo tangu utotoni. Akachukua kijiti kilichopondwa ncha, akakichovya kwenye kopo, akainama juu ya gunia. Akapiga mstari mfupi wa kulala. Chini yake akapiga wa pili. Kisha, juu ya hiyo miwili, akashusha mistari miwili mirefu iliyosimama.

Dominika alisogea. "Chora tena."

"Kuna kosa, afande?"

"Chora jingine."

Mifupi kwanza. Mirefu baadaye, juu yake.

"Kwa nini unaanza na hiyo mifupi?"

Esha alimtazama kama mtu anayeshuku kwamba anafanyiwa mzaha. "Ungeanza na nini? Babu alikuwa kibarua wa reli ya kubebea karanga, ile aliyojenga Mwingereza kwenda Nachingwea. Iling'olewa, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Akaanza korosho, akaichora reli kwenye magunia yake. Akamfundisha baba, baba akatufundisha sisi. Hata Twahiru alifundishwa siku alipohamia, kabla hajapewa jembe. Haya ni mataruma," aligusa mistari mifupi, "vile vipande vinavyolazwa chini. Reli inalala juu ya mataruma. Ukianza na reli, utaitandika hewani?"

"Na akikosea mtu?"

"Baba atamfanya afue gunia. Na halifuliki."

Dominika alikuwa ameshageuka kuelekea garini. "Nipe gunia hilo. Wewe na mumeo pandeni nyuma."

*

Chumba cha vielelezo cha kituo cha Newala kina dirisha dogo na joto kubwa. Ilikuwa saa kumi alasiri. Dominika alipiga magoti mbele ya gunia la kwanza kati ya yale kumi na mawili, akawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni. Mafuta ya maganda ni mazito, yakikauka huacha tuta. Mahali mistari inapokutana, tuta la mstari wa juu hupita mzima, na la chini hukatika.

Alipitisha ukucha. Mistari mifupi ilipita mizima, mirefu ilikatika. Aliliangalia la pili, la tatu, la nne. Hadi kufika la kumi na mbili alikuwa na jasho mpaka kwenye kope, na jibu halikubadilika. Yeyote aliyechora haya alianza na mistari mirefu, kama anavyoanza kila mtu aliyeijua alama hiyo kwenye simu. Kila mtu, isipokuwa watu wa nyumba moja Chilangala.

"Fortunatus, nisomee maelezo ya Lukmani. Pale alipomwona mzee akichora."

Koplo alipekua jalada. "'Akavuta mistari miwili mirefu, kisha akaikata kwa miwili mifupi.'"

"Hajawahi kumwona mzee akichora maisha yake yote. Ameeleza anavyochora mtu mwingine. Mtu mwenye ufunguo wa ghala, anayegawa magunia mapya, na asiyejua kwamba mafuta haya yanashikwa kwa majivu."

Fortunatus alitoa macho. "Kile kidole!"

"Mchukue. Mpitishe kwa mganga wa zahanati, amfungue kitambaa mbele yako, aandike ni wembe au ni kuungua. Nenda na watu wawili."

*

Mzee Salmini aliletwa chumba cha mahojiano akishikwa mkono. Alipokaa tu alianza: "Nimesema ni mimi. Mnanisumbua bure."

"Baba Esha, sikuulizi neno. Nimekuletea gunia moja katika yale kumi na mawili. Shika alama yako."

"Naijua alama yangu."

"Ishike."

Aliweka kidole gumba juu ya mafuta makavu, kwa kukasirika, kama mtu anayelazimishwa kuonja chakula. Kidole kikashuka. Kikafika kwenye njia panda, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikaenda kwenye njia panda ya pili, ya tatu, ya nne, na sasa alikuwa anatumia mikono yote miwili.

"Nani kachora takataka hii?"

"Wewe. Umekiri."

"Mimi?" Sauti ilipanda mpaka askari wa zamu akachungulia. "Mimi nianze na reli? Mataruma juu ya reli? Treni ipite wapi? Hata mtoto wa Esha, yule mdogo, hafanyi upuuzi huu!"

"Na Twahiru?"

Kidole cha mzee kikarudi kwenye njia panda ya kwanza.

Dominika hakumsaidia. Alilisukuma mbele yake gunia la pili, lile la nyumbani. Vidole vilipita juu yake mara moja tu.

"Hii ya Esha," alisema taratibu. "Anakandamiza mno."

"Twahiru alikuwa Chiungutwa, kwenye msiba wa mjomba wake, tangu Jumapili. Watoto waliagizwa wakuambie. Aliyeiba ni Lukmani, mganga amethibitisha kidole chake kimeungua, na hakujua namna ya kuchora."

Mzee Salmini alikaa na mikono juu ya gunia. Dominika alingoja shukrani, au machozi, au hata yale matusi ya kizee ambayo yangempumzisha kila mtu. Alikuwa ameshachukua kalamu ili kuandika kwamba mshukiwa ameyakana maelezo yake ya awali.

"Mwanangu," alisema mzee hatimaye, "kijana wa watu nimekaa naye miaka tisa. Nimemfundisha mimi. Nikamwita mwizi moyoni mwangu siku mbili nzima, bila kumwuliza. Hilo nalo lina kifungo cha miaka mingapi?"

Dominika aliweka kalamu chini, akaenda kufungua mlango. Kwenye benchi la nje Esha alikuwa amekaa na chupa ya uji mapajani, na Twahiru kando yake.

"Twahiru," alisema, "ingia wewe kwanza. Mkweo ana neno na wewe."